Uliyempeleka Alistahili Kupokewa

*Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii huku Kinango, Kaunti ya Kwale. Natembelea nyumba kama mia moja. Napima presha na sukari, napima watoto mkono, nawahimiza wajawazito waende kliniki na wajifungulie hospitali. Kazi hii nimeifanya kwa moyo, hata posho inapochelewa.*

*Miezi mitatu iliyopita jirani yangu, mama wa watoto wawili, alishikwa na uchungu usiku. Mama mkwe wake alitaka aitwe mkunga wa kijiji. Mimi nikakataa, nikasema ni lazima hospitali. Tukampakia kwenye bodaboda hadi zahanati, tukakuta lango lina kufuli. Nesi wa pale ni mmoja tu, na siku hiyo alikuwa ameitwa kwenye mafunzo. Tukaendelea na pikipiki ileile hadi kituo cha afya. Akajifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, lakini damu ikakataa kukatika. Tukaambiwa apelekwe hospitali kubwa. Ambulensi ipo, mafuta hakuna. Tulipopata gari la mtu kulikuwa kunakaribia kucha. Alifia njiani.*

*Siku ya matanga mama mkwe alisimama mbele ya watu akasema: "Wewe ndiwe uliyemtoa nyumbani." Tangu siku hiyo sipati usingizi. Kuna nyumba nabisha hodi, nasikia watu ndani, na hawanifungulii.*

*Sasa kuna jirani mwingine ana mimba ya miezi saba. Ameniambia haendi popote, atazalia nyumbani. Nikimwambia aende, si nitakuwa namdanganya? Nikinyamaza akafa, nitamjibu nini Mungu? Nimeshaandika barua ya kuacha kazi. Naomba unishauri kabla sijaipeleka.*

*Mhudumu aliyevunjika moyo, Kinango*

Pole sana. Umempoteza jirani, kisha ukalaumiwa kwa kifo chake mbele ya watu, siku ambayo na wewe ulikuwa mfiwa. Hakuna semina inayomwandaa mtu kwa jambo kama hilo.

Jibu nalitoa mapema ili usisome huku roho ikidunda: hukumuua, na barua hiyo usiipeleke. Lakini pia sikuambii urudi ukafanye kazi vilevile ulivyokuwa ukiifanya. Tangu leo usimpeleke mtu mahali kwa sababu tu bango limesema apelekwe. Mpeleke kwa kuwa umeuliza, umejua nani yuko zamu, na mmeshapanga mtakwenda wapi pakishindikana. Na kila mlango utakaoukuta umefungwa, uandike, useme, hadi habari yake iwafikie wanaopanga fedha za kaunti.

Tuanze na lawama, maana ndiyo inayokunyima usingizi.

Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walichapisha uchunguzi ambao hadi leo unafundishwa kwa wauguzi na wakunga duniani kote. Walisema mjamzito aliyepatwa na matatizo hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu. Wa kwanza ni kuchelewa kuamua kwenda. Wa pili ni kuchelewa kufika. Wa tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Sasa upitie usiku ule kwa mpango huo. Uamuzi wa kuondoka nyumbani haukuchelewa, na haukuchelewa kwa sababu yako. Kilichofuata ni lango lenye kufuli, safari ya pili juu ya pikipiki, damu iliyohitaji kuzuiwa, na ambulensi isiyo na mafuta. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichokuwa mikononi mwako. Posho yako ya shilingi 5,000, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti, haikukufanya kuwa msimamizi wa zamu za wauguzi wala mnunuzi wa dizeli.

Kutokwa na damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kuwaua wazazi. Mama aliyeingia kwenye uchungu akiwa mzima anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kinachomwokoa ni sindano ya oksitosini, mkono wenye ujuzi wa kulikanda tumbo la uzazi ili likaze, dripu, damu ya kuongezewa, na gari la kumfikisha penye vitu hivyo ikiwa pale alipo havipo. Hata hiyo oksitosini hudai friji, ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Mkunga wa kijiji, awe na mikono myema namna gani, hana vitu hivyo. Kwa hiyo yule anayesema angebaki nyumbani angepona anasema kwa uchungu wa msiba, na uchungu huo tumheshimu. Lakini wewe usiuchukue kama hukumu.

Hata hivyo, mama mkwe ameona jambo la kweli, na ninakuomba ulitazame bila kukasirika. Ucheleweshaji ule wa tatu huzaa ule wa kwanza. Mtu akishuhudia mwenzake amefikishwa kwenye lango lililofungwa, safari ijayo hataondoka mapema. Atangoja, atatazamia, ataondoka akiwa amezidiwa. Anayesema "siendi" huko kwenu leo hasemi kwa ujinga, anasema kwa ushahidi. Thaddeus na Maine waliliona hilo pia: sifa ya kituo huamua kama watu wataondoka nyumbani au la. Ndiyo maana kuongeza sauti ya kuhimiza hakutasaidia. Watu wako hawajakosa kusikia ujumbe. Wamekosa kuuona ukitimizwa.

Basi sasa hilo la kuacha kazi. Ukiacha, kaunti haitapata adhabu yoyote. Watakaoadhibiwa ni wale wa nyumba mia moja: mzee uliyemgundua ana presha, mtoto ambaye mkanda wa mkono ulionyesha anapungukiwa na lishe, msichana mwenye mimba ambaye amekuambia wewe kabla ya kumwambia mama yake. Ila usidhani nakuambia ujikaze tu. Umefiwa na umeaibishwa. Una haki ya kupumzika. Mwombe msimamizi wako wa afya ya jamii akupe wiki kadhaa, mwenzako wa kitengo azishike nyumba zako, ila mbili nitakazokutajia, nawe utafute mtu wa kuzungumza naye: mshauri nasaha wa hospitali, imamu wako au mchungaji wako, au mhudumu mwenzako aliyewahi kupitia kama hili. Ukisharudi na ukaona bado moyo umekataa, hapo kuacha kutakuwa uamuzi. Ukiacha leo, itakuwa ni jeraha limeamua.

Sasa jirani yako. Ana miezi saba, maana yake muda upo. Usiende kwake na maneno ya bango. Nenda ukakae chini, umwambie hivi kwa lugha yenu ya nyumbani: "Mwenzangu, unaogopa, na una haki. Mimi mwenyewe nimeogopa. Sitakuambia kila kitu kiko sawa pale zahanati, kwa sababu hakiko. Lakini damu ikikutoka hapa nyumbani, mkunga hana sindano ya kuizuia, na mimi sina. Basi tuipange safari yako sasa hivi, wakati tuna utulivu, tusije tukaipanga usiku wenyewe."

Kisha mpange kweli. Kwanza, mahali. Fungua kijitabu chake cha kliniki mkiwa pamoja. Kama aliwahi kujifungua kwa upasuaji, kama aliwahi kutokwa na damu nyingi, kama presha iko juu, kama ni pacha, au kama amezaa mara nyingi, zahanati si mahali pake. Ajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba. Kama hana lolote kati ya hayo, chagueni kituo kinachozalisha usiku na mchana, na wewe mwenyewe ukiulize: nani huwa zamu usiku, friji ya dawa inafanya kazi, mgonjwa akizidiwa anapelekwa na gari gani. Kama ana shangazi au ndugu anayeishi karibu na hospitali, ahamie huko siku zinapokaribia. Kilomita za Kinango usiku wa mvua wewe unazijua kuliko mimi.

Pili, namba tatu za simu ziandikwe ndani ya jalada la kijitabu hicho: ya nesi, ya dereva wa bodaboda anayeaminika, na ya mtu mwenye gari. Bodaboda yafaa kwa mama aliyeanza uchungu anayeweza kukaa. Mama anayevuja damu anahitaji kulala, na mwenye gari lazima awe amekubali kabla, na bei ijulikane kabla.

Tatu, ruhusa. Kama mume yuko Mombasa kwenye vibarua, apigiwe simu mnapopanga, aseme mbele ya mama yake: uchungu ukianza, mwondoke, msingoje nipatikane. Najua wanawake ambao walikaa kwenye mkeka wakisubiri simu iliyokuwa imezimwa.

Nne, fedha na usajili wa SHA, bima ya afya ya serikali. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka na SHA imeingia, na ile Linda Mama ya kujifungua bure tuliyoizoea imekwenda nayo. Kuna jambo linalowachanganya watu, uwaeleze wote katika nyumba zako. Aliyejisajili tu, kwa *147# au kwa kusaidiwa na wewe, anapata huduma za msingi za zahanati na kituo cha afya bila kulipa. Lakini kujifungua na kulazwa kunalipiwa na mfuko wa bima, na mfuko huo unataka mchango wa nyumba uwe umelipwa. Kwa wasio na mshahara, mchango hukadiriwa kwa maswali kuhusu hali ya nyumba. Hauwezi kupungua shilingi 300 kwa mwezi, na hudaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani si chini ya shilingi 3,600. Kwa nyumba inayoishi kwa kuuza makaa na mbuzi mmoja mmoja, hizo ni fedha za kukusanywa, si za kutafutwa saa ya uchungu. Upo utaratibu wa kulipa polepole. Chama cha kina mama nacho kinaweza kuwapa zamu wenye mimba kwanza. Waanze mara mimba inapojulikana.

Tano, damu yake. Mama mwenye upungufu wa damu akivuja kidogo tu anazidiwa. Ameze vidonge vya kuongeza damu kila siku, si siku ya kliniki peke yake, na apimwe tena kabla ya mwezi wa tisa. Ndugu wawili wenye afya wawe tayari kujitolea damu.

Sita, mkunga. Usimfanye adui. Mama mkwe na mkunga ndio wanaosikilizwa nyumbani, na kina mama wanampenda mkunga kwa sababu hamfokei mtu. Mwombe asindikize: amshike mama mkono, amkande mgongo, akae naye. Kazi hiyo ya kusindikiza inatambuliwa, na akiwa upande wako, nusu ya safari imekwisha.

Na wote nyumbani wazijue dalili ambazo hazingojei kuche: damu yoyote kabla ya uchungu, kichwa kuuma sana huku macho yakiona giza, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, maji kuvunjika bila uchungu, mtoto kuacha kucheza tumboni. Na baada ya kujifungua: kondo la nyuma likipita nusu saa halijatoka, au damu ikiloweka kanga moja na kuanza ya pili. Wengi husema "ni damu chafu, iache itoke". Hiyo ni damu ya uhai wake.

Kabla sijafika kwenye kaunti, kuna nyumba moja ambayo lazima uiendee, nayo ni ile ya mama mkwe. Mtoto yule wa kike yu hai, na bila mama maisha yake yako hatarini kuliko ya mtoto mwingine yeyote katika nyumba zako mia. Sasa ana miezi mitatu. Chanjo za wiki 6 na 10 zilipaswa kuwa zimepita, na ya wiki 14 ndiyo hii inakuja. Je, amezipata? Ananyonyeshwa na nani, au anakunywa nini? Maziwa ya ng'ombe hayafai kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na uji wa kumshibisha haufai pia; apelekwe kwa afisa wa lishe hospitalini, bibi yake afundishwe la kumpa na namna ya kuliandaa kwa maji yaliyochemshwa.

Nenda na mwanamke mzima anayeheshimiwa na pande zote. Usiende kujitetea, wala usitaje ucheleweshaji wa aina tatu. Sema: "Mama, nimekuja kumwona mtoto." Akikufokea, mwache amalize. Akilia, lia naye. Mpime mtoto uzito, andika, sema utarudi siku fulani, kisha siku hiyo urudi. Kitu kilichovunjika kwenu ni kuaminiana, na njia ninayoijua ya kukijenga ni mtu kusema atakuja Alhamisi, na Alhamisi akaja.

Sasa kaunti. Hasira uliyo nayo ni ya haki, na nataka uipe kazi.

Ujue kwanza unachodai ni chako kisheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya huduma bora za afya, ikiwemo afya ya uzazi, na kinasema wazi kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Jedwali la Nne la Katiba hiyohiyo linaziweka zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi mikononi mwa serikali ya kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 inaeleza kwamba matibabu ya dharura ni pamoja na kumhudumia mtu kabla hajafika hospitali, kumtuliza hali yake, na kumpangia usafiri ikiwa pale alipo hawawezi kumtibu. Taasisi inayoweza kutoa matibabu ya dharura na isitoe yaweza kutozwa faini hadi shilingi milioni tatu. Na mahakama zetu zimewahi kusema hivyo kwa vitendo: mama mmoja aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013 alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 ikaamua kwamba utu wake ulivunjwa na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hakuwa mtu mkubwa. Alikuwa mama wa kijijini kama hao wako.

Jambo la pili: kifo cha jirani yako kilihesabiwa? Utaratibu wa nchi unataka kila kifo cha uzazi kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kijadiliwe ndani ya siku 7, kituoni au katika jamii, ili kijulikane kilichokosekana. Majadiliano hayo hayafanywi kumtafuta wa kufungwa. Muulize msimamizi wako: "Je, yalifanyika? Mimi mhudumu niliyekuwa naye tangu mwanzo hadi mwisho, mbona sikuitwa?" Kama hayakufanyika, omba yafanyike hata sasa. Sensa ya 2019 ilionyesha vifo vya uzazi 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai nchini. Jirani yako asipohesabiwa, hesabu ya kaunti itaonekana nzuri, na kaunti yenye hesabu nzuri haiongezewi nesi.

Tatu, andika. Unayo fomu ya rufaa, MOH 100. Ukimpeleka mtu, sehemu ya juu unajaza wewe; ile ya majibu hujazwa kituoni na kurudi kwako. Anza kuzifuatilia zisizorudi. Kisha nunua daftari la kawaida la shule, ulipige mistari: tarehe, saa, nani kapelekwa wapi, kilichokutwa, kilichofuata, nauli. Kwa mfano: "Jumanne, saa nne usiku. Mjamzito, uchungu. Lango limefungwa, nesi mafunzoni, hakuna wa zamu. Kituo cha afya, bodaboda, shilingi 600." Usiandike matusi, usiandike majina ya wagonjwa, usimlaumu nesi. Nesi yule ni mmoja, na anachoka kama wewe. Kosa liko kwa aliyepanga zahanati nzima imtegemee mtu mmoja kisha akamwita mafunzoni bila kumwekea mwenzake. Daftari la miezi mitatu likiwa na mistari ishirini ya namna hiyo ni ushahidi ambao hakuna mkubwa atakayeuita uvumi.

Nne, lipeleke panapostahili, na usiende peke yako. Peke yako utaitwa msumbufu, na posho yako inajulikana inakopitia. Anza na siku ya mazungumzo ya jamii ambayo kitengo chenu hutakiwa kuifanya kila miezi mitatu. Hapo hesabu husomwa hadharani, naibu chifu akiwepo. Kutoka hapo liende kwa kamati ya zahanati, ambayo ina wanakijiji ndani yake. Sheria ya mwaka 2023 inaviruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na fedha vinazokusanya badala ya kuzipeleka hazina ya kaunti. Basi kamati iulizwe: fedha za kituo zimetumikaje, na mafuta ya ambulensi yana fungu lake au hayana? Kutoka kwenye kamati, barua iende kwa mwakilishi wadi na kwa afisa mkuu wa afya wa kaunti, ikiwa na sahihi na alama za vidole za watu wengi kadiri mtakavyopata, mama mkwe akiwemo akipenda.

Ofisi ikinyamaza, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuuliza kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 21. Jambo likihusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Ulizeni maswali yanayojibika kwa namba: wauguzi wangapi wamepangiwa zahanati yetu, ambulensi ngapi zinafanya kazi Kinango, shilingi ngapi zilitengewa mafuta mwaka huu. Wakikataa kujibu, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Na mjue kalenda, maana watu wetu wengi hulalamika mwezi wa saba wakati fedha zimeshagawanywa. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hutakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha, kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio yenyewe ya bajeti, kabla ya tarehe 30 Aprili. Vikao vya kuwasikiliza wananchi huja katikati ya tarehe hizo, mara nyingi vikitangazwa kwa siku chache tu. Mwambie msimamizi wa wadi akutumie tangazo mapema. Siku hiyo msidai hospitali mpya. Majengo mapya tunayo mengi yasiyo na mtu ndani. Daini nesi wa pili, ili lango lisifungwe mmoja akiondoka. Daini fungu la mafuta lililoandikwa kwa jina lake. Daini friji na umeme wake.

Wakisema Kwale ni maskini, wajibuni kwamba Katiba ililijua hilo: Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za kwanza zilizotambuliwa kuwa zimeachwa nyuma, ili zifaidi Hazina ya Usawazishaji, na afya imetajwa waziwazi kati ya mambo ambayo fedha hizo zinapaswa kuyagharimia. Waambieni pia kuhusu Makueni, kaunti yenye ukame kama wenu, ambayo mwaka 2016 ilianzisha mpango ulioziwezesha familia kutibiwa katika hospitali za kaunti kwa kulipa shilingi 500 kwa mwaka. Utajiri haukuwa mkubwa kule. Kilichokuwepo ni uamuzi wa kuitanguliza afya, na wananchi waliozoea kuhudhuria vikao.

Wewe unayesoma safu hii ukiwa na kiti katika idara ya afya, Kwale au kaunti nyingine yoyote, nakusihi: ukimwita nesi wa pekee kwenye mafunzo, kwanza tafuta wa kushika zamu yake. Umewaagiza wahudumu wa jamii wawatoe wajawazito nyumbani, nao wametii. Usipowaweka wa kuwapokea, agizo lako linaua, na lawama inawaangukia wanawake wanaotembea kwa miguu na begi la vipimo begani. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kaunti inayoficha uhaba wa vituo vyake huumbuliwa na makaburi ya wazazi.

Nawe mwanangu, yashike haya kwa mpango: mtoto wiki hii, jirani wiki ijayo, daftari tangu leo, kikao kitakapotangazwa. Jirani yako akishajifungua, niandikie. Nataka kujua alipokewa wapi, na nani, na saa ngapi.